Santuri Nilikuuzia, Sauti Nikabaki Nayo

Kuttichira, Kozhikode
3 Agosti 2014

Kwa Mwalimu Sakariya wa Ponnani,

Assalaam alaykum. Ni mimi Beeran Koya, mpishi. Walimu hamsahau majina ya watukutu, kwa hiyo naamini unanikumbuka: ndiye niliyekuuzia zile santuri kumi na moja za Biyyathumma miaka miwili iliyopita. Ulikataa chai yangu mara tatu, ya nne ukanywa, ukaomba nyingine.

Jina langu limetoka kwenye kura, Mwalimu. Mwaka huu naenda Hijja, Mungu akipenda. Mimi nimepika biriani ya watu elfu nne kwa siku moja bila punje kushika chini. Nimepika Kuwait miaka kumi na tisa. Nimewapikia mawaziri wawili, na mmoja alilamba sahani nikimwona kwa macho haya. Lakini hii ndiyo safari yangu ya kwanza kwenda mahali bila sufuria, na nimeingiwa na woga ambao sikuwahi kuwa nao mbele ya waziri yeyote.

Unaijua desturi yetu: anayekwenda huko huomba radhi kwa kila aliyewahi kushikana naye mkono. Nimeanza na mke wangu, akachukua siku mbili kunijibu, siku mbili nzima, Mwalimu, huku akipika mchuzi bila chumvi. Nimekwenda mpaka kwa fundi viatu niliyemwita kichwa cha papa mwaka 1989. Walio mbali nawaandikia, maana kwenye simu mtu husema "nimekusamehe, nimekusamehe" ili aokoe salio lake.

Basi na wewe nakuomba. Kama kuna lolote nililokukosea, kwa ulimi, kwa mkono au kwa biashara, unihalalishie.

Wako,
Beeran Koya


Ponnani
8 Agosti 2014

Kaka Beeran,

Wa alaykum salaam. Barua yako imenifurahisha, na nimekumbuka ile chai. Kwa upande wangu hujanikosea chochote. Biashara ilikuwa safi na mzigo ulifika bila ufa hata mmoja. Kama kuna lolote, nimekuhalalishia lote, la dhahiri na la siri. Nenda salama, utuombee.

Sakariya


Kuttichira
12 Agosti 2014

Mwalimu Sakariya,

Barua yako niliipeleka kwa shehe wetu nikitembea kama bwana harusi. Kumbe ningekaa nyumbani.

Akaisoma, akavua miwani. "Beeran, kuna jambo baina yako na huyu mwalimu?"

"Hakuna jambo, shehe."

"Beeran."

"Basi, kajambo."

"Yeye anakajua?"

"Hakajui. Lakini ameandika la dhahiri na la siri, soma hapo chini."

"Amesamehe kitu asichokijua. Msamaha wa namna hiyo haushiki. Kamtajie, asamehe akiwa anajua anasamehe nini. Akikataa, amekataa."

Nikamwambia shehe, ningejua sheria ina meno hivi ningeendelea na upishi. Hakucheka.

Sasa nataja. Wiki moja kabla hujaja kuzichukua, nilizipeleka zote kwenye duka la simu la hapa Mtaa wa Vitambaa. Wana mashine, santuri inazunguka upande huu, wimbo unapita kwenye waya, unatokea upande wa pili. Nyimbo zote ishirini na mbili ziliingia kwenye kitu kidogo kuliko ukucha wangu, na ukucha wangu wenyewe vitunguu vimeshaumaliza. Kisha wewe ukaja. Mlangoni kwangu, mzigo ukiwa kifuani kwako kama mtoto mchanga, ukaniuliza, "Kaka, sauti hii haipo kwingine tena?" Nami nikakutazama usoni nikasema, "Dunia nzima ni hizo ulizoshika."

Huo ndio uongo wangu. Umeutaja mwenyewe sasa hivi kwa kuusoma.

Nijitetee kidogo, maana sijazoea kulala chini bila kupigana. Mimi nikikuuzia sufuria ya biriani, umekula, umeshiba. Je, nimekatazwa kukumbuka ladha yake? Nilikuuzia santuri, hukupungukiwa hata sindano. Mimi nilibaki na harufu tu. Kila Ijumaa alasiri, pale klabuni kwetu ghorofani, naiwasha simu, mimi na marafiki wawili watatu tunasikiliza, tunafuta machozi kwa vitambaa vya meza, tunakwenda zetu. Ubaya uko wapi?

Lakini kama hakuna ubaya, kwa nini nilikudanganya? Hilo swali ni la mke wangu, si langu.

Unihalalishie. Sasa unajua nini.

Beeran


Ponnani
17 Agosti 2014

Kaka Beeran,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua tatu nilizokuandikia kabla ya hii hazikufaa kutumwa.

Harufu, unasema. Kaka, uliniuzia ng'ombe, kisha miaka miwili unakuja kila Ijumaa kumkamua dirishani. Halafu unaniambia ng'ombe wako hajapungua uzito.

Wewe ulidhani mimi ni mkusanyaji wa vitu vya kale. Hukuniuliza, sikukuambia. Biyyathumma ni mama yangu. Yu hai. Ana miaka sabini na tisa, amekaa chumba cha pili ninapoandika haya.

Miaka minne iliyopita alipotoka hospitali aliniita, akasema: "Sakari, sauti yangu imezagaa kwa watu. Mimi nitakuwa kaburini, yenyewe itakuwa bado inaimba harusini, wanaume nisiowajua wanaisikiliza, na mimi naandikiwa dhambi kila inapolia. Nenda ukanikusanyie." Sijui kama hesabu za akhera ziko hivyo. Mimi nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Lakini hofu ni yake, na yeye ni mama yangu. Nimezunguka kutoka Mangalore mpaka Kochi, maduka ya mitumba, nyumba za marehemu, stoo za vilabu. Zako zilikuwa za mwisho. Siku ile nilirudi nikamwambia, "Mama, zimekwisha." Akauliza, "Zote?" Nikasema zote, kwa sababu mpishi mmoja wa Kuttichira alinitazama usoni.

Tangu siku hiyo analala usingizi.

Futa hicho kitu kidogo kuliko ukucha. Ukishafuta niandikie, nami nitakuhalalishia kwa kutaja jambo lenyewe, shehe wako aridhike. Sharti ni moja: mama asijue kamwe.

Sakariya


Kuttichira
21 Agosti 2014

Mwalimu wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa chini sakafuni.

Biyyathumma yu hai. Mimi nilikuwa na miaka saba, baba yangu Alavi akipika harusi za huko kwenu, mimi kazi yangu kupepea makaa juu ya kifuniko. Upande wa pili wa ukuta wanawake wanapiga makofi, na katikati yao inatoka sauti moja. Nikasahau kupepea. Biriani ikachelewa, nikachapwa mbele ya wageni. Ni kipigo pekee maishani mwangu ambacho sijamdai mtu radhi yake, wala sijamwomba. Nilidhani mwenye sauti ile amekufa zamani. Kama ningejua yupo Ponnani, mwendo wa saa mbili kwa basi, ningekuja kwa magoti.

Nimefuta. Nilikaa mbele ya yule fundi wa simu, akaniuliza, "Mzee, una uhakika? Haitarudi." Nikamwambia bonyeza kabla sijabadili mawazo. Akabonyeza. Haikutoa hata mlio. Nilitarajia angalau mlio.

Sasa, Mwalimu, kaa na wewe.

Wale marafiki wawili watatu ni arobaini na watatu.

Usinilaani kabla hujanisikiliza. Mtu akiniambia chakula changu kitamu, mimi namwongeza, ndivyo nilivyolelewa. Mtu akisikia ule wimbo wa bibi harusi anayeficha hina, akashika kichwa, nimfanyeje? Namwambia lete simu yako. Sikuchukua hata rupia moja. Nimewapa wapishi wangu wote, nimempa kinyozi, nimempa daktari aliyenitibu goti, nimempa mtu wa Kihindu anayeniuzia samli na sasa anaujua kuliko mimi.

Nimeanza kuwazungukia. Tisa wamefuta mbele yangu. Kumi wamesema wamefuta, na wanne kati yao ni waongo, nawajua toka utotoni. Kisha yuko Hamsa, msaidizi wangu wa zamani, anaosha vyombo katika jiko la hoteli moja Doha.

"Hamsa, ule wimbo ufute."

"Upi?"

"Zote ishirini na mbili."

"Kaka, umelewa?"

"Naenda Hijja, mjinga wee."

"Basi nenda, kaka, kwani mimi nimekushika? Huku tuko wanane chumba kimoja. Nikizifuta nitabaki na mlio wa masufuria na mkoromo wa Ussan. Uniombee." Akakata.

Ndivyo mambo yalivyo. Na bado kuna kubwa zaidi. Nilimweleza shehe yote. Akaniuliza sauti ni ya nani. Nikasema ya mama yake mwalimu. Akasema, "Basi mwalimu atakusamehe uongo uliomwambia mlangoni. La sauti si lake kusamehe. Mwombe mwenyewe."

Naondoka tarehe kumi na sita Septemba. Nipe ruhusa nije.

Beeran


Ponnani
25 Agosti 2014

Kaka Beeran,

Usije.

Uongo wa mlangoni nimekuhalalishia. Nautaja hapa kwa maandishi, mwonyeshe shehe. La mama liache. Moyo wake ni dhaifu, na ukimwambia arobaini na watatu, siku hiyo hiyo atarudi kuhesabu dhambi.

Na kuna sababu nyingine. Nakuandikia wewe kwa sababu huna unayemjua hapa Ponnani, na kwa sababu nimekuita mkamuaji wa ng'ombe wa watu, na tangu siku ile sijisikii vizuri.

Mama aliniagiza nizikusanye nizivunje. Kuzikusanya tu hakukutosha. Siku niliyoleta zako alisema, "Leo. Nisikie kwa masikio yangu." Nikatoka uani na nyundo. Nikaiweka ya kwanza juu ya jiwe. Pale katikati ya karatasi jina lake limeandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake "Ponnani". Alikuwa na miaka ishirini. Kaka, mimi mama yangu sijawahi kumsikia akiimba. Aliacha kabla sijazaliwa. Hata kunibembeleza alinibembeleza kwa kuhesabu. Nyundo nikaiinua, na haikushuka.

Kulikuwa na vigae vya zamani vya paa pembeni. Nikavunja vigae. Kumi na moja, nilihesabu, kimoja kimoja, ili asikie.

Zipo kabatini kwangu, nyuma ya vitabu. Sina mashine ya kuzipigia, na sijanunua, maana nikinunua nitakuwa nimeamua. Kwa hiyo ukija ukaanza kutaja kilichobaki na kisichobaki, litafuata swali ambalo sitaweza kulijibu nikimtazama.

Nakuomba kama ndugu yako mdogo. Usije.

Sakariya


Kuttichira
28 Agosti 2014

Mwalimu, mdogo wangu,

Karibu katika chama chetu. Mimi mwenyekiti, wewe katibu kwa kuwa una mwandiko mzuri.

Nisingekutania kama nisingekupenda. Lile la vigae nimelisoma nikacheka peke yangu, kisha nikashindwa kumaliza chakula, na mimi sijawahi kuacha chakula tangu vita vya Ghuba.

Lakini sikiliza. Mimi nina miaka sitini na sita. Siku ya Arafa nitasimama pale na shuka mbili, nitasema nimekuja, na huku najua yuko bibi mmoja Ponnani ambaye sauti yake nimeigawa kama peremende, naye hajui. Nitamwambia nini Mola, kwamba mwanawe alinikataza? Wewe ungekuwa mimi ungekwenda?

Nakuja Jumatatu. Kabati lako sitalitaja hata nikichinjwa. Mimi nimetunza siri za maharusi mia tano.

Beeran


Ponnani
6 Septemba 2014

Kwa Beeran, mwana wa Alavi mpishi,

Baada ya salamu. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu kama nilivyofundishwa, kwa kuwa uliniambia shule ya serikali ilikushinda lakini chuoni hukutoroka. Mwanangu ataipeleka posta bila kuifungua, na asipoweza kuisoma ni vizuri zaidi. Yeye elimu yake yote ni ya ramani.

Siku ile ulipokuja na sufuria lako sikukujibu. Ulilia mno barazani kwangu, na mtu akilia mno huwezi kumjibu lolote la maana. Biriani ilikuwa nzuri. Ya baba yako ilikuwa nzuri zaidi. Alikuwa akinitumia sahani upande wa wanawake kabla watu wa bwana harusi hawajanawa mikono, akisema mwimbaji mwenye njaa humharibia mpishi kazi.

Uliyonieleza yaliniuma. Nikajiona nimelala chini ya udongo, na juu yangu wanaume arobaini na watatu wamekaa mkao wa kusikiliza. Nimekasirika nawe siku nne. Sikukasirika kwa sababu unaupenda wimbo. Wako waliotoka mbali kuja kuusikia. Nimekasirika kwa sababu ulitoa kitu changu kwa mikono miwili ukajiona mkarimu.

Kisha siku ya tano nikakumbuka ulivyolisifu kabati la vitabu la mwanangu. Ulisema ni kabati zuri. Ukauliza ni mti gani. Ukalisifu tena ulipokuwa unavaa viatu. Beeran, hakuna mpishi duniani anayesifu kabati. Usihuzunike, hukufichua kitu. Mimi nilijua toka siku ile ile. Kigae kina mlio wake na santuri ina mlio wake. Mimi nimeishi kwa masikio. Mwanangu alidhani nimezeeka mpaka huko?

Nikanyamaza. Nikajiambia, mimi nimeamuru, yeye ameitikia. Kama zipo, ziko juu yake. Nikalala usingizi mzuri juu ya dhambi ya mtoto wangu. Miaka miwili. Unaona sasa mimi na wewe nani ana la kujibu zaidi.

Jibu langu ni hili. Wewe umetaja, nimesikia, nimekuhalalishia kila mara uliyouwasha mpaka leo. Hao wengine siwahalalishii. Umeniambia mwenyewe maneno ya shehe wako, kwamba haisamehewi isiyojulikana. Mimi siwajui. Anayetaka radhi yangu aje mwenyewe, asimame nje ya pazia, aseme jina lake na aseme anacho nini.

La kabati usimwambie mwanangu kwamba najua. Hilo namsubiri yeye.

Biyyathumma


Kuttichira
13 Septemba 2014

Mama yangu Biyyathumma,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na la kabati limenivua nguo.

Nimewakusanya klabuni nikawaambia. Kinyozi akasema, "Yaani tukapange foleni kwa bibi wa watu kama tunachukua mchele wa serikali?" Nikamwambia hasa. Daktari wangu wa goti amesema yeye alifuta zamani. Nikamwomba simu yake nipige mara moja. Akasema imeisha chaji. Basi wako waoga na wako wanaoona haya. Watakaokuja ni kumi na tisa, kwa basi la kukodi, Jumapili wiki ijayo. Mimi nitakuwa nimeshaondoka. Nimewaacha na chakula, wasikutie hasara ya chai.

Mwuza samli anauliza kama na yeye, Mhindu, anaruhusiwa. Nimemwambia aje, pazia halina dini.

Beeran


Ponnani
24 Septemba 2014
Kwa mkono wa Haji Kunjahmed, hema la watu wa Ponnani, Makka

Kaka Beeran,

Watu wako walikuja. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Jirani aliuliza kama mama amefariki.

Mama alikaa ndani ya pazia, mimi nimesimama mlangoni. Kinyozi alitangulia. Akasema jina lake, akasema, "Ninazo nyimbo zote ishirini na mbili, mama."

"Unazisikiliza wapi?"

"Dukani. Wateja wananyamaza, wembe hautetereki."

"Nimekuhalalishia uliyosikiliza. Ya kesho ni yako mwenyewe, usije ukasema mimi nilikuruhusu."

Ndivyo alivyomwambia kila mmoja, kaka. Hakumwambia mtu afute, wala hakumwambia abaki nazo. Wengine walitoka wamefurahi, wengine walitoka wameinamisha vichwa, na mwuza samli alikaa chini ya ngazi akaitoa simu yake, akaitazama muda mrefu, akairudisha mfukoni. Sijui alifanya nini.

Hamsa alipiga simu kutoka Doha, wakaniwekea mkononi niisogeze karibu na pazia. Akasema, "Mama, nikizifuta mimi huku nitakufa na upweke."

Mama akasema, "Kwani nimekwambia ufute? Likizo yako lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Basi njoo mwezi wa tatu useme hayo umesimama. Kwenye simu simhalalishii mtu." Watu wakacheka, hata mama nikamsikia akicheka.

Walipokwisha nilisogea kuvuta kiti chake. Sijui kilichonipata. Nikarudi nje ya pazia, pale walipokuwa wamesimama wao, na wao wote bado wapo uani wananitazama.

Mama akauliza, "Nani tena?"

"Sakariya, mwana wa Biyyathumma."

"Una nini?"

"Nina santuri kumi na moja. Niliambiwa nizivunje, nikavunja vigae."

"Umezipiga?"

"Hapana. Sina mashine. Huwa nazitoa nazifuta vumbi, nasoma jina."

Nilisubiri aseme lile alilowaambia wao. Nilikuwa na uhakika, kaka. Kama amemwambia kinyozi.

"Hao," akasema, "hawakuniahidi kitu. Wewe uliniahidi. Siku nitakayokufa, kabla maji ya kuniosha hayajapata moto, zivunje. Zote, kwa mkono wako. Hapo ndipo utakapokuwa na radhi yangu, na si kabla. Mpaka siku hiyo zikae zilipo. Futa vumbi."

Akaomba asaidiwe kuinuka, akamwita mke wangu. Hakuniita mimi.

Tangu Jumapili ananisalimia kama kawaida, anakula, anauliza bei ya samaki. Mimi ndiye nisiyeweza kutulia. Nikizivunja nitakuwa nimemzika mara mbili siku moja. Nisipozivunja nitabaki duniani bila radhi ya mama, na mwana asiye na radhi ya mama unajua yuko wapi.

Wewe umetakata, kaka, uko huko. Siku ya Arafa niombee. Niombee nipate mkono wa kuvunja, au niombee nipate moyo wa kutovunja. Mimi sijui lipi. Chagua wewe, umezoea kuamua chumvi ya watu elfu nne.

Sakariya


Mina
6 Oktoba 2014

Mwalimu, mdogo wangu,

Barua yako ilinifikia usiku wa kuamkia Arafa, imekunjwa mara nane na imelowa jasho la Haji Kunjahmed, mtu mnene yule.

Nilitamba nyumbani kwamba nitalia huku mpaka ardhi ilowe. Uongo. Nilifika pale nimekauka kama mkate wa juzi. Watu milioni wamesimama juani, kila mmoja ana lake, na mimi nimeshika lako.

Nikainua mikono nikuombee mkono wa kuvunja. Ulimi ukakataa. Nikajaribu kwa Kiarabu kile kidogo nilichonacho, ukakataa pia.

Nikageuza, nikaanza kukuombea moyo wa kutovunja. Hapo maneno yakaja mengi, matamu, yanatiririka. Nikashtuka. Nikajiuliza, Beeran, hili unamwombea Mwalimu au unajiombea mwenyewe, ili siku moja upande basi uende Ponnani na mashine? Nikashusha mikono kwa aibu. Kule kote watu wanainua, mimi nimeshusha. Mzee mmoja wa Kano aliye kando yangu alidhani nimezidiwa na jua, akanimwagia maji kichwani.

Nilikaa hivyo mpaka alasiri. Chumvi ya watu elfu nne naijua, Mwalimu. Hii yako sikuiweza.

Mwisho nikainua tena nikaomba mama yako aishi. Si maisha marefu hivi hivi kama wanavyoandika kwenye kadi. Nilitaja miaka mia na kumi. Nikaomba asiumwe, asipoteze masikio, aendelee kukuuliza bei ya samaki. Nikaomba kila asubuhi uamke umkute amekaa chumba cha pili. Yule mzee wa Kano hajui neno la lugha yetu, lakini kila nilipovuta pumzi aliitikia amina. Nikaona aendelee kuitikia, nami nikaendelea, mpaka jua likazama.

Sikuomba kingine.

Beeran